Plake nyingi kwenye barabara moja: nani anajua gari ni ya nani?

Mtu akisimama saa moja tu kwenye barabara yenye kutoka Kasindi kuelekea Beni, ataona plake za kila namna. Lori yenye herufi za Kenya ao za Uganda, imebeba mizigo yenye kushukia bandari ya Mombasa. Taksi ya mjini yenye plake ya Kongo, bendera pembeni. Jipu nyeupe yenye herufi UN. Gari ndogo yenye usukani upande wa kuume, ingali na plake ya Kampala, ijapokuwa mwenyewe anakaa Butembo na kartiye yote inamjua. Na katikati ya hayo yote pikipiki, kwa makumi, mingi kati yake bila plake yoyote.

Kwa siku za kawaida hakuna mwenye kujali. Plake inaanza kuwa na maana siku mambo yameharibika. Mtoto amegongwa na motari amekimbia. Gari imeibwa usiku. Ao mtu aliyeuzisha gari yake miaka tatu iliyopita anaitwa na polisi juu ya ajali ambayo yeye haijui hata kidogo. Siku hiyo swali ni moja tu: ile namba inaweza kutufikisha kwa mwenye gari?

Mashariki ya Kongo jibu linabadilika kufuatana na mahali. Linategemea jimbo, linategemea mpaka, na tangu mwanzo wa mwaka 2025 linategemea pia upande gani wa mstari wa vita mtu anajikuta.

Namna ya kusoma plake

Plake ya Kongo ya siku hizi ina bendera ya nchi na herufi tatu, CGO. Hizo herufi ndizo alama ya nchi yetu barabarani kimataifa. Wakati wa Mobutu alama ilikuwa ZRE. Ilibadilika kisha jina la Zaire kuondoka mwaka 1997. Baadaye zinafuata namba na herufi za gari yenyewe, na mwishoni namba mbili zenye kuonyesha jimbo ambako gari iliandikishwa. Gari yenye kumalizia na 01 iliandikishwa Kinshasa. Kwa hiyo polisi wa Bunia ao wa Uvira, akiangalia mwisho wa plake, anajua kama gari ni ya hapa ao imetoka mbali.

Hapo kuna jambo moja lenye kuchanganya watu. Mwaka 2015 nchi ilitoka kwenye majimbo 11, ikafika 26. Province Orientale ilizaa Ituri, Haut-Uele, Bas-Uele na Tshopo. Katanga ilizaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Gari yenye kuandikishwa Bunia mbele ya mwaka huo iliandikishwa kama gari ya Province Orientale, na ile ya Kalemie kama gari ya Katanga. Jimbo likakufa, gari ikaendelea kutembea. Kumbe gari mbili zinaweza kuwa za mtaa mmoja, wenyewe ni majirani, na plake zao zinaelekeza kwenye majimbo mbili tofauti.

Majirani wetu nao kila mmoja ana mpango wake. Plake ya kawaida ya Rwanda inaanza na herufi tatu, ya kwanza ikiwa R, namba tatu, kisha herufi moja. Ya Kenya inafanana kwa mpango, lakini inaanza na K. Uganda inaanza na U. Kenya na Uganda zinazoea plake nyeupe mbele na ya manjano nyuma. Tanzania inaanza na T, kisha namba tatu na herufi tatu, na rangi yake ina maana: manjano ni gari ya mtu binafsi, nyeupe ni gari ya biashara. Mtu mwenye kujua hilo peke yake anaweza kutambua kwa mbali kama gari ya Tanzania imekuja kubeba abiria kwa malipo ao inatembeza mwenyewe.

Alama za nchi kwa safari za kimataifa nazo zinashangaza wengi. Burundi ni RU, Rwanda ni RWA. Uganda ni EAU, Tanzania ni EAT na Kenya ni EAK, kwa sababu EA ni alama ya zamani ya Afrika Mashariki tangu wakati wa Waingereza. Mtu mwenye kuona RU nyuma ya gari mjini Uvira asifikirie Urusi. Ni gari ya Bujumbura.

Plake ni ya nchi, vinyeti ni ya jimbo

Watu wengi wanauliza: kama nchi ni moja, kwa nini gari yenye kutoka Bukavu inasumbuliwa Kalemie ao Lubumbashi? Jibu liko katika namna sheria inagawa kazi.

Kanuni ya barabara ni ya nchi nzima. Ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na ingali inatumika. Plake na ile karatasi ya gari yenye watu wanaita carte rose zinatoka kwenye ofisi ya kodi ya taifa, DGI. Kwa upande huo, mtu akiisha kulipa plake Goma, plake yake ni halali hadi Matadi. Hakuna jimbo lenye haki ya kumwambia anunue nyingine sababu tu amepita hapo.

Lakini kodi ya gari ya kila mwaka, vinyeti, haifuati njia hiyo. Katiba ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 204, imeweka kodi ya magari kati ya mambo ya majimbo. Kila jimbo lina ofisi yake ya kukusanya makuta: DGR-NK Kivu ya Kaskazini, DPMER Kivu ya Kusini, DRHKAT Haut-Katanga, na zingine vilevile. Kwa ofisi ya jimbo, gari yenye kutembea kwenye barabara zake ni mapato yenye kupita mbele ya macho.

Mpango huo haukosi akili. Barabara zinaharibika mahali gari inatembea, na jimbo linahitaji makuta ya kuzitengeneza. Shida inaanza na gari yenye kulala jimbo moja na kufanya kazi katika jimbo lingine. Tuseme mfanyabiashara wa Butembo ana Fuso yenye kupeleka mahindi na maharagwe Bunia kila juma. Amelipa vinyeti katika Kivu ya Kaskazini. Akifika bariere ya Ituri, kama wakala haamini karatasi yake, ao hana njia ya kuhakikisha kama imelipwa kweli, wanaanza kubishana. Shofere ana mizigo yenye kuoza, wakala ana wakati. Mara nyingi mabishano ya namna hiyo yanaisha kwa kutoa kitu kidogo bila risiti. Jimbo la kwanza halikupata zaidi, jimbo la pili halikupata kitu, na bei ya mahindi sokoni inapanda.

Plake ya nchi moja ilipaswa kumaliza mabishano hayo. Haiyamalizi kwa sababu wakala wa bariere anaona chuma yenye namba, lakini haoni daftari lenye kuwa nyuma ya ile namba.

Gari kutoka ng'ambo ya mpaka

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022: mkataba ulitiwa sahihi tarehe 8 Aprili, na tarehe 11 Julai nchi ikawa mwanamemba kamili. Wengi walifikiri kwamba kuanzia hapo gari ya Kampala na gari ya Beni ni kitu kimoja. Hapana. Jumuiya haina plake moja ya pamoja, na kila nchi inaendelea kuandika magari yake kwa mpango wake.

Gari yenye plake ya kigeni ikiingia Kasindi, Mahagi, Bunagana, Kavimvira ao Kasumbalesa, kwa sheria ya duane inaingia kwa muda. Kanuni ya duane ya mwaka 2010 inaita hali hiyo kuingizwa kwa muda: gari inapewa siku, na siku zikiisha inarudi kwao ao inalipiwa duane na kupata plake ya Kongo. Lori za safari ndefu zimezoea mambo hayo. Zina karatasi za mizigo, zina na ile karte ya manjano ya COMESA, asiransi yenye kukubaliwa katika nchi nyingi za sehemu yetu, Kongo nayo ikiwa ndani. Lori ya Kenya ikigonga mtu Beni, kuna njia ya kufikia asiransi yake, hata kama njia hiyo ni ndefu.

Shida kubwa ni ya gari ndogo yenye kuingia kwa muda na kubaki kabisa. Mwenyewe ameinunua Kampala, amelipa huko, na kulipa duane ya hapa anaona ni kama kununua gari mara ya pili. Anaiacha na plake ya Uganda. Kwa macho ya watu ni gari kama zingine. Lakini kwa sheria haiko ya hapa wala ya kule: Uganda inaihesabu kama imetoka, Kongo inaihesabu kama mgeni mwenye kupitisha siku zake. Ikigonga mtu, jamaa ya aliyegongwa itatafuta jina katika daftari la Kampala, na jina lenye kuwa huko linaweza kuwa la mtu aliyeiuzisha zamani.

Tofauti ingine haiandikwe kwenye plake, lakini plake inasaidia kuikumbuka. Kongo, Rwanda na Burundi wanatembea upande wa kuume wa barabara. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia wanatembea upande wa kushoto. Shofere mwenye kuvuka Kasindi ao Kasumbalesa anabadilisha upande kwa metre chache tu. Mwenye kutembea kwa miguu akiona plake yenye kuanza na U ao K, ni vema akumbuke kwamba huyu shofere amezoea kuangalia upande mwingine.

Pikipiki: namba tatu, na mara nyingi hata moja

Katika miji yetu watu wengi wanasafiri kwa pikipiki kuliko kwa gari. Na pikipiki ndiyo yenye kukosa plake zaidi. Sababu zinajulikana. Biro za kuandikisha ziko katika miji mikubwa, na motari wa Lubero, Mambasa ao Fizi anapaswa kupoteza siku za kazi juu ya karatasi moja. Wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea makuta kila jioni. Motari anasema plake ni kazi ya mwenye pikipiki, mwenye pikipiki anasema ni kazi ya motari.

Katika miji fulani vyama vya wamotari vilijaribu kujaza pengo hilo kwa kuvalisha watu wao jile yenye namba. Hiyo imesaidia abiria mwenye kusahau mfuko wake kwenye pikipiki, kwani anaweza kuita chama na kutaja namba. Lakini jile inavuliwa, inaazimwa, inaibwa. Inamtambulisha motari wa siku hiyo kwa chama chake, haitambulishi pikipiki mbele ya sheria.

Namba ya tatu ni ile yenye kuchongwa kwenye chuma, namba ya shasi. Hiyo haibadiliki wakati plake inabadilika, na ndiyo yenye kuunganisha pikipiki ao gari na karatasi zake hata ikivuka mpaka mara ngapi. Ni watu wachache wenye kuiandika mahali.

Mambo haya si ya ajali peke yake. Katika miji yetu viongozi wamekataza mara nyingi pikipiki kutembea usiku, juu ya wauaji na wezi wenye kuitumia kukimbia. Uganda ilipita njia hiyo pia. Mwaka 2017 aliuawa msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, na mwaka 2018 mbunge Ibrahim Abiriga, wote wawili na watu wenye silaha waliokuja na pikipiki. Kisha mauaji ya Abiriga, Rais Museveni alitangaza kwamba magari na pikipiki zitawekwa plake za elektroniki zenye kuweza kufuatwa. Kazi ya kuzibadilisha ilianza mwaka 2023, kwa magari ya serikali kwanza. Wako Waganda wenye kuuliza nani atatumia habari hizo na bei yake, na wana haki ya kuuliza. Hapa kwetu kukataza pikipiki usiku kunamwadhibu motari mwenye plake sawa na yule asiyekuwa nayo. Motari mwema akiona kwamba kulipa plake hakumpatii hata saa moja zaidi ya kazi, hana sababu ya kulipa.

Vita vimegawa daftari

Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Uongozi wa Kivu ya Kaskazini wenye kutambuliwa na Kinshasa ulihamia Beni. Watu walihesabu kwanza wafu, wakimbizi na benki zenye kufungwa, na ilikuwa haki. Lakini karatasi za kila siku nazo zilipasuka katikati.

Plake nyingi za Kivu mbili ziliandikishwa katika miji hiyo miwili. Daftari ziko huko, ao zilibaki huko. Mtu aliyekimbia Goma na pikipiki yake akafika Beni ao Bunia, na carte rose ilipotea njiani, anaweza kuonyesha plake. Namna ya kuonyesha kwamba ni yake ni vigumu. Na mwenye kulipa kodi upande mmoja wa mstari hana uhakika kama upande mwingine watakubali ile risiti, kwani Kinshasa haitambui utawala wenye kusimama huko. Mfanyabiashara mwenye kupita pande zote mbili anaweza kujikuta analipa mara mbili, na akionyesha karatasi isiyofaa mahali pasipofaa, anaweza kuhesabiwa kuwa mtu wa adui. Hapo plake, kitu cha chuma chenye kuuzwa na biro ya kodi, inageuka kuwa swali la siasa.

Mwenye kuumia zaidi ni yule asiyekuwa na gari kabisa. Tangu sheria ya Januari 1973, asiransi ya gari juu ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima. Maana yake mtu akigongwa, hospitali si mzigo wa jamaa yake peke yake. Lakini mlango wa kuingilia kwa asiransi ni plake. Bila plake hakuna jina, bila jina hakuna asiransi, na mama wa mtoto anauzisha mbuzi ao shamba.

Shida si rangi wala herufi

Kuwa na plake tofauti si dhambi. Tanzania ni nchi moja, lakini Zanzibar inaandikisha magari yake yenyewe, kwa plake zenye kuanza na Z, wakati bara ni T. Marekani ina majimbo 50, kila moja na plake ya rangi na picha zake; mengine yanadai plake mbele na nyuma, mengine nyuma tu. Lakini polisi wa jimbo moja akisimamisha gari ya jimbo lingine, anaweza kuuliza daftari la kule na kupata jibu akiwa bado barabarani.

Kwetu plake ni moja kwa nchi nzima, na daftari hazisemezani. Ndiyo maana kubadilisha tu sura ya plake, kama Leta ikiamua kufanya hivyo siku moja, hakutasaidia mkaaji kama wakala wa Komanda bado hawezi kujua kile kimelipwa Butembo. Chenye kusaidia ni daftari moja lenye kuonekana kwa simu kwenye kila bariere, makubaliano kati ya majimbo kwamba vinyeti ya mmoja inakubaliwa na mwingine, na biro za kuandikisha pikipiki zenye kufika hadi kwenye miji midogo. Mambo mawili ya mwisho hayangoji vita viishe: Ituri, Tshopo na sehemu ya Kivu yenye kuwa chini ya serikali wangeweza kuyaanza.

Kwa sasa, mkaaji anaweza kujilinda kwa mambo machache. Mwenye gari ao pikipiki apige picha ya carte rose, ya risiti na ya namba ya shasi, na kuzituma kwa mtu wa jamaa mwenye kukaa mahali pengine. Mwenye kuuzisha asiridhike na karatasi ya mkono peke yake; aende na mnunuzi kubadilisha jina katika biro, ao kama biro haifikiki, waandike mapatano mbele ya mashahidi yenye tarehe na saa ya kupeana funguo. Mwenye kununua gari ya plake ya kigeni aombe karatasi ya duane mbele ya kutoa makuta.

Na mwenye kuona ajali aandike plake yote kama ilivyo: herufi, namba, na zile mbili za mwisho. Watu wengi wanakumbuka tu rangi ya gari. Kwa jamaa yenye kubaki hospitalini, rangi ya gari haitoshi kumtafuta mtu.